Karatasi ya maabara inasema niko salama, moyo wangu unakataa

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nimeolewa, na nina binti mmoja wa miaka saba. Miaka sita iliyopita niligundulika nina lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe. Ulianza kwenye vidole, ukaja upele usoni, na Novemba mwaka jana ukaingia kwenye utando wa mapafu. Nilikuwa sivuti pumzi bila kuhisi kama kisu ubavuni. Nikapandishiwa prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza kinga ya mwili, hadi miligramu 40 kwa siku, nikapona.

Tangu nianze kuumwa nina daftari. Ukurasa wa kushoto naandika majibu ya damu kwa kalamu ya bluu, ukurasa wa kulia naandika nilivyojisikia siku hiyo kwa kalamu nyekundu. Sijawahi kuruka kliniki hata moja. Novemba, nilipokuwa hoi, CRP yangu, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, ilikuwa 48. Safari hii ni 3. Kasi ya chembe nyekundu kuzama ni 18, C3 na C4, zile protini za kinga, ziko ndani ya kiwango, kingamwili za DNA hazijapanda. Daktari wangu alitabasamu, akaniambia, "Hongera, vipimo vyako ni vizuri sana." Nilimshukuru, nikatoka, nikaingia chooni nikalia mpaka muuguzi akanigongea mlango.

Shangazi, tangu Aprili sina raha. Siyo yale maumivu niliyoyazoea. Nasimama mbele ya kabati dakika ishirini nashindwa kuchagua nguo. Binti yangu ananisimulia habari za shule, namwona mdomo unacheza, lakini simsikii. Nilikuwa napenda sana kushona, sasa cherehani ina vumbi. Kuna asubuhi natamani usiku ungeendelea tu nisiamke. Sina mpango wowote wa kujidhuru, lakini wazo linakuja.

Kinachonichanganya ni hiki. Novemba damu ilikuwa mbaya, lakini moyo ulikuwa mwepesi. Dada yangu alihamia kwangu, mume wangu alilala kwenye kiti pembeni ya kitanda wiki nzima. Siku ya pili ya zile 40 niliamka saa kumi alfajiri nikafua mapazia ya nyumba nzima nikiimba. Sasa damu ni nzuri, dawa zimepungua (Februari nilikuwa kwenye 15, Juni nikafika 5, na uso wangu umerudi kuwa uso wangu), na mimi ndiyo nazama. Kama siyo ugonjwa, basi ni nini? Ni akili yangu imeharibika?

Mume wangu aliisoma karatasi ya mwisho mara mbili, akaikunja, akasema, "Si umeona? Damu safi. Haya mengine unajitakia mawazo tu." Siyo mtu mbaya, Shangazi. Lakini tangu siku ile sijamwambia kitu.

Yule muuguzi alinipa fomu ya maswali tisa, nikapata alama 16. Nikaandikiwa barua niende kwa daktari wa afya ya akili. Ina wiki tatu ndani ya mkoba wangu. Nikienda nitakuwa nimekubali kwamba yote haya yapo kichwani. Wakati huohuo nimesoma kwamba uvimbe wa ndani wa mwili, ule unaoletwa na kinga ikiwaka, unaweza kuleta sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, na kwamba kuna kipimo cha interlukini-6 kinachoona kile ambacho CRP haikioni. Nataka nikidai. Nikipata namba nitamwonyesha mume wangu. Na kuna jambo jingine, naomba usinigombeze: nina kopo la prednisoloni zilizobaki. Nimelifungua mara mbili. Nawaza kwamba nikijirudishia 40 kwa wiki moja tu, yule mwanamke wa mapazia atarudi.

Nifuate damu, au nifuate barua?

Mwenye Daftari

N.B. Binti yangu siku hizi, kabla hajaniomba nimsuke nywele, ananiuliza kwanza, "Mama, karatasi ni nzuri?" Sijui nimjibu nini.

---

Marahaba, mwanangu.

Naanza na ile sentensi uliyoipita haraka, kwamba kuna asubuhi unatamani usiku ungeendelea. Asante kwa kuiandika. Unasema huna mpango wa kujidhuru, nami nakuamini. Hata hivyo, wazo kama hilo lisikae na wewe peke yako. Mwambie leo mtu mzima mmoja unayemwamini, nadhani yule dada yako, kisha umwambie daktari yeyote utakayemwona kwanza, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi. Na likianza kubadilika, ukajikuta unafikiria namna na wakati, usisubiri miadi: nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Lile kopo nalo lihamie kwa dada yako kwa sasa. Nitalirudia, na sikugombezi.

Nilivyokuelewa ni hivi. Kwa miaka sita umejifunza kuusoma mwili wako kwa namba, na kwa kweli umejifunza vizuri. Wagonjwa wenye daftari kama lako ni wachache. Sasa limekuja jambo ambalo namba hazilioni. Daktari na mumeo wameangalia karatasi ileile wakakuambia uko salama, nawe umebaki na huzuni isiyokuwa na mtetezi. Ndiyo maana unatafuta kipimo kingine. Mimi nilipomaliza barua yako, kabla hata ya kuwaza kipimo gani kinakufaa, nilijiuliza: ni lini ulianza kuamini kwamba huzuni yako haina haki ya kusikilizwa mpaka maabara itoe ushahidi?

Tuichukue hiyo CRP kwanza, kwa sababu umeipa kazi isiyoiweza. Ni protini inayotengenezwa na ini likipokea amri kutoka kwa saitokini, zile kemikali ambazo chembe za kinga hutumia kupeana taarifa, na mtoa amri mkubwa ni hiyohiyo interlukini-6 unayoitafuta. Imejulikana tangu mwaka 1930. Kwenye baridi yabisi inasaidia sana kujua ugonjwa unawaka kiasi gani. Lupasi ina tabia yake: viungo na ngozi vinaweza kuwaka huku CRP imelala chini kabisa. Inapopanda sana kwa mwenye lupasi, mara nyingi ni maambukizi, au ni uvimbe kwenye tando, kama utando wa mapafu. Hebu rudi kwenye daftari lako. Ile 48 ilikuja wakati gani? Ilikuja wakati wa mapafu. Kwa hiyo 3 ya leo ni habari njema kuhusu mapafu, na ni habari chache sana kuhusu mambo mengine. C3, C4 na kingamwili za DNA zinaongeza picha, hasa kuhusu figo, na nafurahi kwamba zimetulia. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa kupima moyo wa mtu.

Unaniambia Novemba damu ilikuwa mbaya na moyo mwepesi, sasa damu nzuri na moyo mzito, na kutoka hapo unahitimisha kwamba akili yako imeharibika. Nimesoma mistari hiyohiyo nikaona kitu ambacho hakimo katika kurasa zako mbili, kwa sababu umekiandika kwenye mabano: dozi. Novemba ulikuwa kwenye 40. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kufua mapazia akiimba, siku mbili baada ya kuanza 40, huku hata pumzi bado inamuuma, huenda alikuwa anabebwa na dawa. Prednisoloni inajulikana kwa hilo. Watafiti wa Boston walichapisha mwaka 1972 hesabu ya wagonjwa wa hospitali waliopewa prednisoni, dawa ndugu yake: kwa waliokuwa kwenye miligramu 40 au chini kwa siku, matatizo makali ya akili yalimpata kama mmoja kati ya 100, kwa waliozidi 80, kama 18 kati ya 100. Kuchangamka kupita kiasi au kukosa usingizi, bila kufikia ukali huo, hutokea mara nyingi zaidi. Na dawa inapopunguzwa mtu anaweza kushuka: uchovu, huzuni, kulia bila sababu. Wewe ulikuwa kwenye 15 Februari, ukafika 5 Juni. Huzuni ilianza Aprili.

Sisemi nimepata chanzo. Wakati huohuo, nadhani, dada yako aliondoka, mumeo akarudi kulala kitandani, na wote waliokuwa wakikuuliza hali kila saa wakaacha kuuliza kwa sababu umepona. Hilo nalo lina uzito, pengine mkubwa kuliko dawa. Ninachoomba ni uongeze kalamu ya tatu, rangi yoyote, kwa ajili ya dozi na usingizi, na daktari wako auone ukurasa huo.

Nije kwenye lile ulilolisoma, kwamba uvimbe wa ndani unaweza kuleta sonona. Hukudanganywa. Fikiria mtu mwenye homa kali: hataki watu, hataki kula, hakuna kinachompendeza. Hali ile haitokani na kukata tamaa. Saitokini zinafikisha taarifa kwenye ubongo, kwa njia ya damu na kwa neva, na ubongo unamwamuru mtu ajitenge alale. Madaktari waliliona hilo wazi walipokuwa wakitibu homa ya ini aina ya C kwa interferoni, ambayo nayo ni saitokini: wagonjwa wengi, pengine robo au zaidi, walipata sonona wakiwa kwenye matibabu. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2013, uliofuatilia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni tatu na nusu, ulionyesha kwamba waliowahi kutibiwa hospitali kwa ugonjwa wa kinga kushambulia mwili walikuwa na hatari ya kupata maradhi ya hisia iliyozidi ya wengine kwa asilimia 45. Kwa hiyo mtu akikuambia lupasi na huzuni havihusiani, muulize amelitoa wapi.

Ila yote hayo ni habari za makundi ya watu. Ukimchukua mgonjwa mmoja, ukatazama namba yake moja, huwezi kusoma humo kama ana huzuni au hana. Watu wengi wenye sonona, takriban watatu kati ya wanne, hawana CRP iliyopita 3. Mwaka huohuo wa 2013 ulichapishwa utafiti mwingine, Marekani, ambako watu 60 wenye sonona sugu walijaribiwa infliksimabu, dawa inayozima saitokini moja inayochochea uvimbe. Kwa jumla dawa haikuyashinda maji yasiyo na dawa waliyopewa wengine ili kulinganisha. Waliokuwa na CRP ya zaidi ya 5 ndio walioelekea kunufaika; wenye CRP ya chini walifanya vizuri zaidi bila dawa hiyo. Nimekusimulia hili kwa sababu unatamani kuzima uvimbe kwa nguvu ili moyo upone, na CRP yako ni 3.

Unaweza kumwomba daktari kipimo cha interlukini-6. Hakuna ubaya kuuliza. Jiandae tu kwamba inapanda na kushuka ndani ya siku moja, hata usiku mmoja wa kukosa usingizi unaweza kuisogeza, na jibu lolote litakalotoka huenda lisibadilishe matibabu yako hata kidogo. Na nina hofu nyingine. Ikitoka juu, utamwonyesha mumeo, atakuamini. Je, miezi mitatu baadaye ikitoka chini na wewe bado unazama? Namba utakayoikabidhi ikutetee leo, kesho itasimama upande wa pili.

Kuna vipimo vya damu ambavyo, ningekuwa mimi, ningeuliza kabla ya hicho. Tezi ya thairoidi: wenye lupasi hupata maradhi yake mara nyingi kuliko watu wengine, na tezi ikilegea inaleta hukohuko kushindwa kuchagua nguo na kutosikia mtu anapoongea. Wingi wa damu. Vitamini B12. Madini ya chuma, ukikumbuka kwamba feritini, protini inayohifadhi chuma na ambayo ndiyo hupimwa, hupandishwa na uvimbe, kwa hiyo inaweza kuonekana nzuri na chuma chenyewe hakitoshi. Hivi vina faida moja: vikitoka vibaya, vina tiba inayojulikana. Muulize pia daktari wako waziwazi kama ana wasiwasi na ubongo wako. Lupasi inaweza kuingia huko, na hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha. Mwaka 1987 ilidhaniwa kwamba kingamwili za ribosomu-P zingekuwa jibu, lakini tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Kinachoangaliwa ni mgonjwa mwenyewe. Ukichanganyikiwa, ukaona au kusikia visivyokuwepo, ukapata degedege au kichwa kikali kisicho cha kawaida yako, hiyo ni safari ya hospitali palepale.

Halafu ile barua ya mkobani. Alama 16 kwa maswali tisa zinahesabika kuwa sonona ya kiwango cha kati kuelekea kikali. Ni haki kusema kwamba baadhi ya maswali yale, ya uchovu, usingizi na hamu ya kula, lupasi peke yake inaweza kuyajibu "ndiyo". Ungeniambia alama zote zimetoka huko, ningetilia shaka. Lakini wewe umeniandikia kuhusu cherehani yenye vumbi na mdomo wa mtoto usiousikia. Viungo vyako havikuzuii kumsikia binti yako.

Unaogopa kwamba kwenda ni kukubali yote yapo kichwani. Nakuelewa, hasa kama uliwahi kuambiwa hivyo kabla ugonjwa haujapata jina. Wagonjwa wengi wa lupasi walianza kwa kutoaminiwa, na kidonda hicho hakifungi upesi. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyesoma kwamba saitokini zinafika kwenye ubongo. Kama ni hivyo, daktari wa ubongo na hisia naye anatibu lupasi yako, kwa upande ambao daktari wa viungo haufikii. Mtaalamu anaweza kukupa mazungumzo ya tiba tu, au dawa, au vyote. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na mwanzoni zinaweza kusumbua tumbo au kuleta wasiwasi. Kama unatumia dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, sema, kwa sababu zikikutana na baadhi ya dawa za sonona hatari ya kuvuja damu tumboni inaongezeka. Madaktari wako wawili wajuane. Kwenda kumsikiliza hakukulazimishi kukubali kila atakachoandika.

Kusubiri nako ni uamuzi. Kwa wengine hali hii hupungua mwili ukishazoea dozi ndogo. Ila ni miezi sasa, na sonona ina tabia ya kumfanya mtu asahau dawa zake. Wewe hujawahi kuruka kliniki. Nisingependa uanze.

Kwenye kopo tu sitakuachia njia mbili. Tezi za adrenali, zile za juu ya figo zinazoutengenezea mwili steroidi yake, zikilala miezi mingi kwa sababu ya prednisoloni, zinaamka polepole, na kupanda 40 kisha kushuka ghafla kunaweza kukuangusha kabisa. Kuacha hizo 5 kwa hasira, vilevile. Dozi kubwa inaficha dalili za maambukizi, inavuruga usingizi na sukari, na itakuchafulia daftari kiasi kwamba hakuna atakayejua tena nini kimeleta nini. Ukiona unahitaji kupandishiwa, mwambie daktari maneno hayo, na umsimulie mapazia.

Kuhusu mumeo, nimewaza kitu ambacho naweza kuwa nimekosea. Mtu aliyelala kwenye kiti wiki nzima, kisha akaisoma karatasi mara mbili kabla ya kuikunja, alikuwa anaogopa. "Damu safi" inaweza kuwa ni yeye anajituliza mwenyewe. Hilo halifuti jinsi lilivyokuumiza. Lakini mtu wa namna hiyo pengine hana haja ya namba; pengine anahitaji kukaa kliniki pembeni yako na kusikia daktari akiulizwa: "Vipimo hivi vinaweza kuwa vizuri na mke wangu bado akawa mgonjwa?" Mwombe aulize yeye.

Unaniuliza ufuate damu au barua. Sioni kwa nini moja izuie nyingine, lakini miguu ni yako, na wewe ndiye unayejua ipi utaiweza wiki hii.

Na binti yako. Anauliza karatasi kwanza kwa sababu ameona nyumbani karatasi ndiyo inayoamua kama siku itakuwa nzuri. Unaweza kumwambia: "Karatasi inajua habari za damu tu. Siku hizi mama ana huzuni, wewe hujakosa kitu, na naenda kwa daktari wa huzuni." Mwache aulize atakalo. Kisha kaa, mweke kati ya magoti, umsuke. Mkichoka mstari wa tatu, mwambie mtamalizia kesho.